Bega lako, mwanangu

Mwanangu,

Jumamosi nilikuona kwenye softboli. Nilikuwa kazini, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari pale chumba cha mapumziko, na mechi ya pili yote ulikuwa unakung'uta mkono wa kulia kabla ya kurusha, kama mtu aliyenawa akakosa taulo. Kocha hakuona, au aliona akanyamaza. Linauma?

Usiniambie "niko sawa, Mama." Hilo umeshaniandikia mara mbili. Inningi saba mchana, vipindi vyote vya mechi nzima, saba tena jioni, zote mrushaji ni wewe. Najua wanavyosema, kwamba kurusha kwa mkono wa chini hakuliumizi bega, na softboli ya vyuo haina kikomo cha mipira kwa mrushaji. Mimi nina miaka 11 nageuza wazee kitandani. Bega nalijua.

Unamkumbuka NiJaree Canady, yule mrushaji wa chuo cha Texas Tech, kwenye mashindano ya Juni 2025 kule Oklahoma City? Kule kila mpira wa timu yake alirusha yeye, mpaka mechi ya tatu ya fainali. Siku hiyo alitolewa baada ya inningi moja tu, wapinzani wao, chuo cha Texas, wakashinda 10-4. Wewe ulilia kwa sababu Tech wamefungwa. Mimi nilikuwa namwangalia binti yule alivyokaa kwenye benchi.

Ule mpira wa Jumamosi uliomrushia mpigaji wa nne wa wapinzani wenu, ukazama magotini akapiga hewa, wallahi nilipiga ukelele mpaka bibi wa chumba cha pili akabonyeza kengele. Futi 43 kutoka kwa mpigaji, na binti yangu ndiye amesimama pale! Lakini mwenzako alipoangusha mpira ulivyomkazia macho, sikupenda. Naye ni mtoto wa mtu.

Babako ananikataza kukutia hofu kabla ya safari ya Alhamisi. Yeye hakuona ule mkono. Kocha akikuuliza, sema ukweli. Asipokuuliza, mwendee. Ufadhili wakiuondoa, ada tutaihangaikia, si mara ya kwanza.

Ile dawa ya kuchua niliyokupaka ulipokuwa na miaka 16, siku makocha wa vyuo walipokuja, nikakwambia vaa viatu tutachelewa, ilikuwa bado kabatini bafuni. Jana nimeitupa.

Nyanya yako amepiga simu kutoka Likoni, anakusalimu, anauliza kama bado unacheza "ule mchezo wa rungu". Mpigie, usingoje Idi. Nduguyo amehamia chumbani kwako na viatu vyake vyote. Nimemwambia ukirudi anatoka. Mahamri yako kwenye friza, nimeyafunga kwa majina, yako ni mfuko wa bluu.

Mkifika hotelini weka barafu begani dakika 20, na taulo katikati, usiiweke kwenye ngozi. Kisha nipigie. Hata iwe usiku wa manane, niko zamu mpaka saa moja asubuhi.

Mamako