Wanangu mnaouguza wazee, jibu moja lisiwatoshe

Wanangu, shikamoo zenu nimezipokea, marahaba wote. Nawaandikia nyie mnaolala nusu usingizi mkisikilizia kama mzee ameamka peke yake kwenda chooni, nyie mnaojua kwa mlio wa ndala tu kwamba leo miguu yake imeamka vibaya. Nina jambo moja na nitalirudia mpaka mnichoke. Mzee akianza kutembea vibaya msikubali kuambiwa ni uzee tu, na hata mkipewa jibu la kweli kabisa, ugonjwa wenye jina na picha yake, bado msiache kuuliza, maana mtu mzima anaweza kuwa na magonjwa mawili yanayoharibu kutembea kwa wakati mmoja, moja kichwani moja mgongoni, na lile linaloonekana kwanza ndo linalificha la pili.

Mimi yalinikuta kwa mume wangu. Alianza na maumivu ya kiuno yanashuka mpaka miguuni, akitembea kidogo anasimama, akikaa yanatulia, akikaa tena kwa kuinama mbele ndo kabisa. Tukapiga picha, ikaonekana pingili za chini zimebana mishipa ya fahamu, na ilikuwa kweli, akafanyiwa upasuaji na maumivu yakaisha tukamshukuru Mungu. Lakini kutembea hakukurudi. Miguu haiinuki, utadhani sakafu imepakwa gundi, anaisogeza hatua fupifupi huku ameitanua, na akitaka kugeuka anageuka mzimamzima kama kabati linavyosogezwa, hatua sita saba mpaka amalize. Tukiuliza tunaambiwa mgongo unachelewa kupona, tukasubiri zaidi ya mwaka. Hapo katikati mkojo ukaanza kumtoka kabla hajafika chooni, mimi nikasema hiyo ni tezi dume, umri wake huo. Akawa anasahau na kukaa kimya muda mrefu, nikasema amekata tamaa. Yani kila kitu nilikitafutia sababu yake peke yake, sikuwahi kuviweka vyote pamoja nikaviangalia, na hilo linaniuma mpaka leo.

Aliyeviweka pamoja ni dada aliyekuwa anamfanyisha mazoezi. Siku moja alimlaza kitandani akamwambia baba endesha baiskeli hewani, na mume wangu akaendesha, miguu yote miwili, vizuri kabisa bila kukwama. Akamsimamisha, miguu ikaganda palepale. Dada akarudia tena, kitandani inaenda, chini inaganda. Akaniangalia akasema mama, nguvu ipo, hii miguu haipati amri vizuri, kichwa kilishapigwa picha? Hakikuwahi kupigwa, kwa sababu wote tulikuwa tumeshikilia mgongo.

Sasa niwaeleze ninavyoelewa. Ndani ya ubongo kuna vyumba vyenye maji, mwili unatengeneza kama nusu lita kila siku na wakati wowote yaliyopo ni kama mililita 150 tu, kwahiyo yanatengenezwa na kunyonywa mchana na usiku. Kwa wazee wengine kunyonywa kunaenda vibaya, vyumba vinatanuka, na kutembea, akili na mkojo vinavurugika. Mnaijua kichwa maji ya watoto, lakini kwa mzee fuvu limeshafunga zamani, kichwa hakiongezeki, kwa nje huoni kitu, na hata presha ya maji hayo wakiipima inaweza kuonekana ya kawaida. Daktari Salomón Hakim wa Colombia na wenzake waliuandika ugonjwa huu mwaka 1965 na zile dalili tatu, na mara nyingi kutembea ndo kunaanza, zile mbili zinafuata au zisionekane kabisa. Kinachoniumiza ni kwamba huu ni mmoja wa magonjwa machache ya kusahau uzeeni ambayo matibabu yanaweza kuyarudisha nyuma, halafu unapita unaitwa uzee.

Na shingo, wanangu, msiisahau shingo. Mkisikia mgongo mnafikiria kiuno, lakini uti wenyewe, ule mshipa mkubwa wa fahamu unaopita ndani ya pingili, ukibanwa shingoni miguu inakakamaa na kuyumba na kiuno hakiumi hata kidogo. Angalieni mikono. Mzee aliyekuwa anafunga vifungo vya shati bila kuangalia sasa anahangaika na kifungo kimoja, funguo zinamdondoka, mwandiko umebadilika, akiinamisha shingo anasikia kama shoti ya umeme inashuka mgongoni, hapo msingoje, kwa sababu upasuaji wa shingo mara nyingi lengo lake ni kuzuia isizidi, kilichokwisha kuharibika hakirudi chote. Kuna wazee wamebanwa shingoni na kiunoni kwa pamoja, na mara nyingi madaktari wanaanza na shingo.

Mtauliza tutajuaje ni lipi. Nyie hamtajua peke yenu na wala si kazi yenu, lakini nyie ndo mnamuona kila siku kwahiyo mkusanye. Aliyebanwa kiunoni anatembea mbali zaidi akisukuma kitu mbele yake maana ameinama, na kupanda mlima kunaweza kuwa nafuu kwake kuliko kushuka. Mwenye maji kichwani anakwama hata kama hakuna panapouma. Mwenye Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo wa kutetemeka, naye hatua ni fupi, ila miguu huwa karibukaribu, mkono mmoja hauchezi anapotembea na mara nyingi upande mmoja ulianza kabla ya mwingine. Anayeyumba zaidi gizani au akifumba macho kunawa uso, huenda hisia za nyayo zimepungua, sukari inafanya hivo na upungufu wa vitamini B12 pia, na B12 ni kipimo cha damu tu, kiombeni. Mkojo peke yake hauwaambii kitu maana shida yake inaweza kuanzia kichwani, shingoni au kwenye tezi, ila msiufiche kwa kuona haya kama nilivyoficha mimi. Dawa zote anazomeza zitieni kwenye mfuko mwende nazo, za usingizi, za presha, zote, maana hata baadhi ya dawa za kuzuia kutapika zinaweza kumfanya mtu atembee kama mwenye Parkinson.

Chukueni simu mrekodi video. Mzee anainuka kwenye kiti, anatembea mita 3, anageuka, anarudi, anakaa, mmoja wenu pembeni yake tayari kumdaka. Rekodini miguu yote ionekane, na kila mwezi mahali palepale na viatu vilevile. Kwa daktari mzee atajikaza dakika mbili atatembea vizuri kuliko nyumbani, ile video ndo itasema ukweli.

Na msiogope picha wala msiiabudu. Wazee wengi ambao hawana shida yoyote ukiwapiga picha ya mgongo utakuta diski, zile pedi za katikati ya pingili, zimechakaa, na vyumba vya maji kichwani vinaweza kuonekana vikubwa kwa sababu ubongo umesinyaa tu. Ndo maana kwa maji kichwani wanafanya jaribio, wanatoa mililita 30 mpaka 50 kwa sindano mgongoni, wanampima anavyotembea kabla na baada. Akitembea vizuri zaidi ni dalili njema kwamba kuwekewa mrija wa kuyapeleka maji tumboni kunaweza kumsaidia. Lakini sikilizeni hapa, mzee mwenye kiuno kibovu sindano inaweza kuwa ngumu kuingia, na baada yake anaweza kutembea vibaya kwa sababu ya kiuno chake, kwahiyo jaribio lisipoonyesha kitu si kwamba kichwa hakina shida. Kumbusheni kuhusu mgongo kabla ya sindano. Semeni kwa sauti, maana wa kichwa anaangalia kichwa, wa mgongo anaangalia mgongo, na mara nyingi wanaomuona mzee mzima ni nyie.

Kuna mambo ya kukimbia nayo hospitali siku hiyohiyo, miguu kuisha nguvu ghafla, mkojo kugoma au haja kutoka bila kujua, ganzi sehemu za siri, upande mmoja wa mwili kulegea, au mzee aliyeanguka akagonga kichwa halafu siku au wiki baadaye anasinzia na kuchanganyikiwa.

Mume wangu aliwekewa mrija. Hakurudi kuwa kijana, kusahau kumebaki kidogo, lakini sasa anageuka kwa hatua tatu, nimezihesabu mwenyewe, na usiku anaenda chooni taa ikiwa inawaka na mkono wangu uko karibu tu bila kumshika. Nyie mkimaliza matibabu ya kwanza, hata kama maumivu yameisha na kila mtu amefurahi, rudini na video mbili, ya kabla na ya baada, mumuulize daktari: hiki tulichotibu kinaelezea kutembea kwake kote, au kuna kilichobaki?