Kompyuta za Ofisi Zilipangwa Vizuri, Nani Amezikagua Tangu Hapo?

Ofisi inaponunua kompyuta, siku ya kwanza zote hufanana. Fundi amepiga Windows, antivairasi inafanya kazi, kila mtumiaji ana nenosiri lake, masasisho yanaingia yenyewe. Baada ya miezi kadhaa hazifanani tena. Mhasibu amezima masasisho kwa sababu yalimmalizia bando katikati ya mwezi. Kijana aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo alipewa haki za msimamizi, yaani uwezo wa kubadilisha chochote kwenye kompyuta, ili aweke programu moja, akaondoka, haki zikabaki. Tawi la Tukuyu lina fundi wake, la Tunduma lina wake, na kila fundi ana mazoea yake. Hakuna aliyekusudia ubaya. Meneja naye hana namna ya kujua, maana kompyuta bado zinawaka na printa bado inatoa karatasi.

Kazi tunayoieleza hapa ni kuhakikisha mipangilio ya kompyuta zote inabaki ile ofisi iliyoikubali. Unaandika hali inayotakiwa, unalinganisha kila mashine na maandishi hayo mara kwa mara, na kila tofauti inayoonekana ama inarekebishwa ama inaruhusiwa kwa maandishi. Viongozi wa AMCOS za kahawa na chai wanalielewa jambo hili haraka. Mizani ya kupimia mazao huhakikiwa na Wakala wa Vipimo hata kama mwaka jana ilipima sawasawa, na mkulima hakubali kuambiwa tu kwamba mizani iko vizuri.

Tukuonyeshe tofauti moja tunayokutana nayo sana. Kompyuta ya dirisha la malipo, Windows Defender, antivairasi inayokuja na Windows yenyewe, imewashwa, alama ya kijani inaonekana, ukiitazama kwa macho unaridhika. Lakini ukiingia kwenye orodha ya vitu ambavyo Defender imeambiwa isivichunguze, unakuta diski C yote imeandikwa humo. Mara nyingi chanzo ni programu ya kuvunjia leseni: aliyeiweka alielekezwa kwanza aizuie antivairasi isiiguse, akaona njia ya mkato ni kuiruhusu diski nzima. Tangu siku hiyo ulinzi upo kwa jina tu, na ile alama ya kijani haibadiliki rangi. Ndiyo maana hatuamini ukaguzi wa kutembea meza kwa meza ukitazama skrini. Setingi inasomwa na programu, kwenye kila mashine, kwa maswali yaleyale.

Mfano wa pili ni mashine ya fotokopi. Nyingi za zamani zikiskani hupeleka faili kwenye kompyuta kwa kutumia SMB toleo la 1, njia ya kale ya kushirikisha mafaili ambayo Windows za siku hizi zimeizima. Skani inagoma, foleni inakuwa ndefu, fundi anaitwa. Anaiwasha SMB 1 kwenye kompyuta zote ili asirudi tena. Ni kupitia SMB 1 hiyohiyo kirusi cha WannaCry kilisambaa tarehe 12 Mei 2017, kikafunga mafaili katika nchi zaidi ya 150 na kukwamisha hospitali za Uingereza. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu hilo, tangu tarehe 14 Machi mwaka huohuo. Waliokuwa na desturi ya kuhakikisha kiraka kimefika kwenye kila mashine, kiraka kiliwakinga.

Hatusemi utupe fotokopi yako. Kama inaweza kutuma skani kwa barua pepe, ibadilishe iende huko. Kama haiwezi, SMB 1 iwashwe kwenye kompyuta moja tu, isiyo ya mhasibu, na ruhusa hiyo iandikwe: sababu yake, aliyeisaini, na tarehe ya kuisha. Ruhusa isiyo na tarehe hugeuka kuwa kanuni. Kwetu sisi hicho ndicho kipengele kigumu kuliko vyote, kwa sababu kinahitaji meneja aamue, na hakuna programu inayoweza kuamua badala yake.

Mwongozo wa kuanzia upo. Shirika la CIS la Marekani hutoa miongozo ya mipangilio salama ya Windows, Linux na mifumo mingine, na Microsoft ina ya kwake. Ila ile ya CIS kwa Windows ina mamia ya mapendekezo, na ofisi ndogo ya Mafinga ikijaribu kuyafuata yote itakwama kabla ya wiki kuisha. Sisi huanza na ukurasa mmoja: masasisho, Defender na orodha yake ya misamaha, nani ana haki za msimamizi, skrini kujifunga, SMB 1, programu za kuingilia kompyuta ukiwa mbali, na nakala rudufu. Kulazimisha watu wabadilishe nenosiri kila mwezi hatukuweki. Watu wakisumbuliwa hivyo huongeza namba mwishoni mwa lile la zamani au kuliandika chini ya kibodi, na hata taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliacha kulipendekeza jambo hilo mwaka 2017.

Kuhusu bando, Windows 10 na 11 zinaweza kugawiana masasisho ndani ya mtandao wa ofisi: mashine moja ikishapakua, nyingine zinachota kwake. Setingi hiyo ikiwekwa sawa, sababu kubwa ya watu kuzima masasisho inapungua. Jua pia kwamba laptopu nyingi za madukani huja na Windows Home, ambayo haiwezi kuunganishwa na sava ya kusimamia kompyuta zote kwa pamoja. Bado tunaweza kuzikagua, ila marekebisho yatafanywa moja moja, na bei yetu inalizingatia hilo.

Windows 10 yenyewe ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine za mtumba zenye prosesa za Intel kabla ya kizazi cha 8, karibu zote, hazimo kwenye orodha ya zinazokubalika kwa Windows 11, kwa hiyo bodi inayopanga bajeti ijue mapema ni ngapi zinahusika.

Kwa SACCOS, zahanati na shule kuna sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na azilinde. Ripoti zenye tarehe, zinazoonyesha kompyuta zako zilikuwa katika hali gani kila mwezi, ni kielelezo cha maana siku utakapoulizwa.

Ukitaka tuanze, tuandalie orodha ya kompyuta zote, pamoja na ile laptopu ambayo mwenyekiti huenda nayo nyumbani, na utuambie nani ana mamlaka ya kusaini ruhusa. Ziara ya kwanza tunapima tu. Hatubadilishi setingi wala hatufungui mafaili ya mtu. Tungependa mhasibu awepo siku hiyo, maana ndiye anayejua programu ipi haitakiwi kusimama wakati wa kufunga hesabu za mwezi.