Mama Mdogo asisubiri kipimo changu

Zaina mpenzi,

Salaam nyingi. Watoto hawajambo? Huku Arusha wazima, baridi tu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu usiku, usingizi ukaruka. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningelia.

Eti Mama Mdogo ana uvimbe kwenye titi tangu Ramadhani, na hospitali haendi mpaka kitoke "kile kipimo cha tone la damu cha Mwanaidi". Zaina, asisubiri. Kipimo hicho bado kiko mezani kwetu maabara, hakijampima mgonjwa hata mmoja.

Unaikumbuka mashine ya sukari ya babu: kijiti, tone la damu, namba. Chetu ni ndugu yake. Kijiti tunakipaka chembe za dhahabu, ndogo mno, unywele ukiuweka kando yake ni mbuyu. Dhahabu inapitisha umeme vizuri, na juu yake tunabandika kingamwili za kunasa protini moja tu, HER2, ambayo baadhi ya saratani za matiti huwa nayo nyingi. Ikinaswa inaziba njia, umeme unapungua, tunasoma umepungua kiasi gani. Kwenye maji ya chumvi tuliyochanganya wenyewe kinasoma vizuri mpaka raha. Tukiweka seramu ya mtu, yale majimaji ya damu, basi: albumini ya damu inang'ang'ania kila mahali, kijiti kinaona HER2 hata isipokuwepo. Miezi minne nahangaika na hilo tu.

Na hata kingekuwa tayari, saratani za matiti zenye HER2 nyingi ni kama moja katika kila tano. CA 15-3 nayo, ile nyingine wanayoipima kwenye damu, mara nyingi haipandi ugonjwa ukiwa mchanga. Namba nzuri isingetosha kumwambia Mama Mdogo yuko salama. Uvimbe unaoshikika kwa mkono unataka altrasaundi, kisha sindano ya kuchukua kinyama kikaangaliwe kwa hadubini. Shirika la Afya Duniani linataka hayo yote yaishe ndani ya siku 60 tangu mtu afike kituoni mara ya kwanza. Hesabu tangu Ramadhani, Zaina! Ukiwahiwa ugonjwa huu unatibika. Mama yangu angekuwa amewahi… basi, wewe ulikuwepo.

Mashine ya kuminya titi ili kulipiga picha, ile anayoiogopa, ni dakika chache. Mwambie nitamshika mkono.

Sasa nijibu. Yule wa zahanati aliyesema ni maziwa yameganda, alimwandikia rufaa au maneno tu? Uvimbe unasogea ukiuminya? Ngozi imebonyea? Kwapani je? Majibu yakiwa yoyote, aende. Nani atampeleka hospitali ya Bombo, wewe au Kaka Salimu? Nauli ipo, au nitume? Wakimpa rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar, mtafikia kwa Bi Mwanahawa? Nimeshaomba ruhusa kazini, nipande basi Jumapili?

Wako,
Mwanaidi