Kabla Hujatia Saini

Mwanangu Rehema,

Baba yako ameniambia kwamba mwezi ujao wewe na kaka yako Salum, mtoto wa baba yako mdogo, mnaingia rasmi kwenye kampuni: robo ya hisa kwako, robo kwa Salum, na baba yako na baba yako mdogo wabaki na robo moja moja. Nimefurahi sana. Mimi ndiye niliyeandika daftari za duka lile tangu likiwa chumba kimoja cha misumari na rangi hapa Mwanza, na kuona watoto wetu wanalitaka ni jambo la kumshukuru Mungu. Ila nimesikia pia kwamba karatasi za BRELA, wakala wa kusajili kampuni, zinajazwa kwa katiba ile inayonakiliwa kutoka kampuni moja hadi nyingine, na hakuna aliyeuliza itakuwaje siku mmoja wenu akitaka kutoka. Hilo ndilo lililonifanya nikae chini kukuandikia.

Baba yako anaona kuandika mambo ya kuachana ni kujitabiria mabaya. Ananiambia, "Sisi ni damu moja." Namheshimu, na kweli yeye na mdogo wake wamefika mbali kwa neno la mdomo tu. Lakini wao walianza pamoja, na kila mmoja alijua mwenzake alitoa nini. Ninyi mnarithi kitu ambacho hamkukianzisha, na kila mmoja amelelewa na hadithi ya nyumbani kwao kuhusu nani alitoa jasho zaidi.

Ugomvi ninaouhofia mimi hauletwi na chuki. Wewe utafungua duka alfajiri kila siku. Salum yuko Dar es Salaam na kazi yake, anasubiri gawio, yaani fungu lake la faida. Wewe utataka faida irudi kwenye mzigo, yeye ana ada za watoto na anataka pesa itoke. Wote wawili mtakuwa sahihi, na hapo ndipo penye ugumu. Kwa hiyo tenganisheni mapema. Anayefanya kazi alipwe mshahara unaolingana na kazi hiyo, kama ambavyo angelipwa mtu baki. Mwenye hisa apate gawio, na muandike ni sehemu gani ya faida itagawanywa kila mwaka baada ya mahesabu kukaguliwa na kodi kulipwa. Na anayechukua mabati dukani kwa ajili ya msiba wa ukweni, yaandikwe kama deni lake siku ile ile, hata akiwa baba yako. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nimeona undugu ukivunjika kwa sababu ya vitu vidogo vilivyochukuliwa bila kuandikwa, kila mtu akiwa na hesabu yake kichwani.

Sasa kuhusu mgawanyo wenu wa hisa. Robo nne zinaonekana za haki, lakini tazama: nyumba yetu ina nusu, nyumba ya baba yako mdogo ina nusu. Azimio la kawaida la wanahisa linahitaji zaidi ya nusu ya kura. Siku nyumba mbili zikitofautiana, hakuna azimio litakalopita, na bodi nayo ikigawanyika hivyo hivyo, kampuni itasimama huku mkopo wa benki ukiendelea kuzaa riba. Ombeni mkurugenzi mmoja wa nje, asiye wa ukoo, mwenye kura ya kuamua pale bodi inapogawanyika.

Kuna kisa cha India ninachotaka ukikumbuke. Dhirubhai Ambani, mwanzilishi wa kampuni kubwa ya Reliance, alifariki Julai 2002 bila kuacha wosia. Wanawe wawili, Mukesh na Anil, wakaja kugombana hadharani. Mwaka 2005 mama yao, Kokilaben, akasimamia mgawanyo: Mukesh akabaki na mafuta na kemikali, Anil akachukua simu, umeme na huduma za fedha. Watu wakadhani yamekwisha. Lakini ndani ya mapatano yale ya kifamilia mlikuwa na suala la gesi, ambayo kampuni ya Mukesh ingeiuzia kampuni ya Anil kwa dola 2.34 kwa kipimo. Baadaye serikali ikaweka bei ya dola 4.20, na ndugu wakafikishana hadi Mahakama ya Juu. Mei 2010 mahakama ikaamua kwamba mapatano ya mama na wanawe hayaifungi kampuni.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Mama yule alifanya kila ambacho mama angeweza kufanya, lakini kampuni si mtoto wake. Mbele ya sheria ni mtu mwingine kabisa. Hapa kwetu pia ni hivyo. Tukikubaliana sebuleni na yasiingie kwenye katiba ya kampuni wala kwenye mkataba wa wanahisa, siku ya shida yatabaki maneno ya sebuleni. Reliance ilikuwa na wanahisa mamilioni; yetu itakuwa na wanne. Hiyo ndiyo nafuu yenu: mnaweza kukaa meza moja na kutia saini siku moja.

Katika yote mtakayoandika, sehemu ya kutoka ndiyo nakuomba usiiachie. Kampuni binafsi kama yetu hisa zake haziuzwi huria, kwa hiyo aliyechoka hana soko la kwenda. Anabaki ndani akiwa na kinyongo, anakataa kutia saini benki, anasambaza maneno kwa wafanyakazi. Kifungu cha 233 cha Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 kinampa mwanahisa anayeonewa njia ya kwenda mahakamani, na mahakama inaweza kuamuru hisa zake zinunuliwe. Lakini ukifika huko, wateja wameshahama na wasambazaji wameshaacha kuwakopesha.

Andikeni kwamba anayetaka kutoka awauzie kwanza waliobaki. Bei ikadiriwe na mhasibu wa nje, na kanuni ya kukadiria mkubaliane sasa, wakati hakuna anayejua kama atakuwa muuzaji au mnunuzi. Malipo yawe kwa awamu, la sivyo mtalazimika kuuza lori ili kumlipa mmoja. Mfikirie na kifo, mwanangu. Mmoja wenu akifariki, hisa zake zinapita kwa msimamizi wa mirathi hadi kwa warithi, na unaweza kujikuta kwenye kikao na shemeji ambaye hajawahi kuona hata ankara moja. Hana kosa, ana haki yake. Basi muamue kama warithi watabaki na hisa au watalipwa thamani yake, na pesa zitatoka wapi. Nyumba ya nani imewekwa benki kama dhamana nalo msilisahau, maana anayeuza hisa halafu hati yake ikabaki benki bado hajatoka.

Vikao viwe kila mwezi, dukani, na muhtasari uandikwe. Msijadili kampuni kwenye msiba wala harusi. Mkikwama, muwe mmeshamtaja kwenye mkataba msuluhishi mtakayemwendea, na baada yake mwamuzi, kabla ya mtu yeyote kutafuta wakili wa kushtaki.

Msuluhishi huyo asiwe mimi. Najua wote mtanifuata, kwa kuwa daftari nilizishika mimi na Salum amekula kwangu tangu mdogo. Lakini mume wangu na binti yangu wako upande mmoja wa meza. Hata nikisema haki tupu, mama yake Salum atasikia sauti ya mke mwenziye wa ukoo akitetea nyumba yake, na sitamlaumu.

Jumamosi nendeni kwa wakili pamoja, wewe na Salum, msitangulizane. Barua hii nimempelekea na yeye, neno kwa neno, isipokuwa jina la mwanzo.

Mama yako