Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Moshi

Ndugu mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kufika, ingawa mlima wenyewe umejificha leo.

Ndugu mgeni rasmi, mwaka huu tumejifunza kupima joto bila kugusa. Tulianza na kile kipimajoto cha paji la uso kilichobaki getini tangu enzi za korona. Kinapokea mionzi ya infraredi, yaani mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho, inayotoka mwilini. Usiku mmoja tukakielekeza angani, kikaandika "Lo". Maana yake ni kwamba joto liko chini ya kiwango chake, lakini kidato cha kwanza wakaamini kifaa kimeshangaa kwa Kiswahili. Tukaazima cha fundi majokofu: ukuta wa bweni nyuzi 24, anga isiyo na wingu nyuzi 6 chini ya sifuri.

Setelaiti ya TIMED ya NASA, iliyorushwa Desemba 2001, imebeba kifaa kiitwacho SABER kinachofanya kazi hiyo kutoka kilomita 625 juu. Hakitazami chini, kinatazama ukingo wa dunia kwa ubavu. Aliyeona trekta likilima kiangazi ataelewa: ukiwa juu ya vumbi unaona ardhi tu, ukisimama kando unaliona tabaka kwa tabaka. Kabonidayoksaidi hung'aa kwenye infraredi yenye urefu wa wimbi wa mikromita 15, na ukali wa mng'ao huo ndio unaotoa nyuzi joto. Ozoni hujitambulisha kwenye 9.6. Ndivyo inavyopimwa hewa ya kilomita 100 juu, yaani Kilimanjaro 17 zilizobebana, mahali ambapo puto halifiki na setelaiti haikai.

Lililotubishanisha Jumamosi nzima ni hili: kabonidayoksaidi inayoongeza joto huku chini, kule juu inapoza. Hewa ya kule ni nyembamba mno, hivyo joto linalotolewa na gesi hiyo hutoroka moja kwa moja kwenda anga za juu.

Changamoto hazikosi. Kompyuta tunayo moja, na bando huisha kabla faili halijashuka. Lakini hata wataalamu hukwama: HIRDLS, kifaa kingine cha kupima hewa kwa infraredi kutoka kwenye setelaiti, kilichorushwa mwaka 2004, kilizibwa na utando wa plastiki uliochomoka ndani yake, kikabaki na takriban asilimia 20 ya dirisha lake la kutazamia, nao wakakitumia hivyo hivyo. Kwa hiyo hatuombi makubwa: kompyuta mbili, hata zilizotumika, na bando la muhula mmoja.

Tunaomba kuwasilisha. Kipimajoto cha fundi kipo hapo mezani ukipenda kukijaribu, ila tumeahidi kukirudisha jioni hii.