Nilikimbia marathoni ya London kwa ajili ya watoto waliofukuzwa nyumbani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini kwako. Mimi ni Mtanzania naishi London, nafanya kazi ya kuhudumia wazee, na Aprili mwaka huu nilikimbia marathoni ya hapa kuchangia akt, shirika linalosaidia vijana wa LGBTQ, yaani wapenzi wa jinsia moja, waliobadili jinsia na wengine kama hao, wasio na pa kuishi, wengi wao wamefukuzwa na wazazi wao. Utaratibu ni kwamba shirika linakupa nafasi ya kukimbia na wewe unaahidi kuchangisha, mimi niliahidi pauni 2,000, nikatupia linki kwenye grupu letu la Wabongo la WhatsApp. Jamani! Nilitukanwa usiku kucha, mmoja akaniuliza wazungu wamenilipa shilingi ngapi, asubuhi nikakuta admini kashanitoa.

Hela inaenda wapi hakuna aliyeuliza, basi niseme. Shirika lilianza Manchester 1989 likiitwa Albert Kennedy Trust, jina la kijana wa miaka 16 aliyekuwa ametoroka kituo cha kulelea watoto akafa kwa kuanguka kutoka juu ya jengo la kupaki magari. Mpaka leo kazi yao ni kuwatafutia vijana pa kulala, wengine wamepokelewa na familia zilizojitolea. Kitanda na mtu wa kuongea naye. Kweli hapo nimekosea nini?

Mbio zenyewe ni kilomita 42 na ushee, mpaka Tower Bridge ambapo ni kama nusu nilikuwa niko vizuri tu, ila baada ya Canary Wharf mapaja yakakaza nikawa natembea nalia, na nilichokuwa nafikiria muda wote ni mama mmoja wa grupu lile lile. Siku ile natukanwa alikaa kimya, usiku wa manane akanitumia pauni 50 bila jina halafu akaniandikia pembeni, "Mwanangu, mimi wangu nilimtolea begi lake nje mwenyewe, ni mwaka wa sita huu." Namba ya mtoto anayo, kaniambia huwa anaifungua anaitazama picha ya profaili, anafunga. Hajawahi kupiga.

Nilimaliza kwa saa 5 na dakika 40 na ahadi yangu nimeitimiza. Mama yangu uliyenitumia zile pauni 50, najua hili gazeti unalisoma kila siku, nakuomba mpigie mwanao leo leo.

Msomaji wako,
London, Uingereza