Yah: Malalamiko kuhusu onyesho la filamu Bagamoyo

Meneja wa Huduma,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mkataba wa kutuonyeshea filamu mnao, hatutaurudia.

Filamu tuliyowakabidhi ni ya mapenzi na vichekesho, ya kijijini, na vicheko vyake vimejengwa juu ya ukimya. Mshenga anaweka barua ya posa mkekani. Bibi wa binti haitiki, anakuna nazi. Kwa sekunde 20 unasikia mbuzi tu. Kisha anamtazama kijana miguuni: "Na hivi viatu vya kuazima, navyo vimekuja kuposa?" Fundi wenu alishika maikrofoni, akatangaza, "Imeganda hii," akairusha mbele sekunde 30. Watu wakamkuta binti anacheka, wasijue anachekea nini.

Haikuganda! Mkono wa bibi ulikuwa unakwenda na nazi inadondoka kwenye sinia. Fundi aliyeitazama filamu mara moja tu kabla ya kuja angelijua hilo.

Alikwishaharibu mapema. Aliwasha projekta saa kumi na mbili jioni, mwanga bado upo, na mazungumzo ya usiku kisimani yakapauka hata nyuso hazionekani. Picha ya 2.39 kwa 1 (upana kwa kimo) kwenye pazia la 16:9, lisilo pana kiasi hicho, lazima iache mistari myeusi juu na chini; yeye akaivuta ijae, waigizaji wakarefuka kama minazi. Spika akaziunganisha kwa Bluetooth, ambayo huchelewesha sauti, ilhali mikseri na waya vilikuwa mezani. Mdomo unafunga ndipo neno linasikika. Kichekesho hakistahimili hilo.

Lakini tuseme tena lile la posa. Bibi mmoja kati ya watazamaji aliomba kwa adabu, "Mwanangu, turudishie hapo kidogo." Fundi, maikrofoni ikiwa wazi, akamjibu, "Bibi, hapo hamna kitu." Mtu mzima, mbele ya majirani na wajukuu zake, anajibiwa hivyo kwa spika! Na ndipo palipokuwa na filamu yenyewe.

Tunadai nusu ya malipo irudishwe. Tena si nusu, yote, kwa kuwa hakuna sehemu iliyoonyeshwa sawasawa. Mrudie onyesho bila malipo, lianze saa moja usiku giza likishaingia, sauti ipite kwenye waya, na fundi awe mwingine. Yule wa kwanza aje amwombe bibi radhi kwa maikrofoni ileile.

Tunawapa siku 14. Zikipita kimya, mkataba pamoja na video za simu, ambazo sauti ya fundi inasikika wazi, zitafika Tume ya Ushindani, kisha mahakamani.

Kamati ya Maonyesho,
Bagamoyo